Kwa Athumani, Aliyekwenda Kununua Nyama Singtao

Kwa mume wangu Athumani, popote ulipo,

Salamu nakuletea, kwa kuwa salamu ni haki ya Mwislamu hata akiwa mbali, lakini sikupi zote. Nyingine nimezizuia mpaka nijue anayezipokea amekuwa nani. Niko Lindi, mtaa wa Rasbura, katika nyumba ya marehemu baba yangu. Naandika kwa herufi za Kiarabu nilizofundishwa chuoni, zile ulizokuwa ukizicheka kwamba zinatembea kinyumenyume kama kaa. Sina msafiri wa kumkabidhi karatasi hii. Nikimaliza nitaisoma barazani, wasikie watu wa Kitomanga waliokimbilia mjini, maana waliyoyasema juu yako ni mengi, na wengi wao hawaijui hata bahari uliyoivuka.

Unakumbuka tulivyoondoka Lindi? Wewe ulikuwa mpishi wa yule Mdachi wa bomani, mimi yaya wa binti yake, na hatukuwa na mtoto wetu wenyewe. Siku Bwana alipotuambia amehamishiwa Singtao, mji wa Wadachi ulioko Uchina, ulisubiri atoke jikoni ndipo ukacheka. "Wadachi wana mji mpaka Uchina? Hawa watu hawashibi." Mimi sikucheka. Nilimwuliza Bibi, mke wa Bwana, tutarudi lini, akasema karibuni, na neno hilo nimelishuku tangu siku ile.

Mji ulitupokea kwa macho. Nyumba zilikuwa mpya, paa zao nyekundu, na nyuma ya kilima ulikuwapo mtaa wa Wachina, kwa sababu Mchina hakuruhusiwa kukaa upande wa Wazungu ila awe mtumishi. Nilikuuliza, "Na sisi je?" Ukasema, "Sisi hata askari hajui atufukuzie wapi." Na ilikuwa kweli. Walitupa chumba uani kwa Bwana, chenye kitanda cha matofali na tundu la kuwashia moto chini yake. Mimi ningelalaje juu ya moto? Nilikuambia hawa watu wanatubanika kama samaki. Ukajifunika shuka ukasema, "Lala upande huo kwanza, baadaye nitakugeuza." Nilicheka mpaka nikasahau baridi. Nayaandika haya ili ujue kwamba sikuyasahau mazuri. Ninayapima tu.

Jumapili, Bwana na Bibi wakienda kanisani na kisha kwa marafiki zao, sisi tulikuwa huru. Tulipanda kilima tukateremka mtaa wa Wachina. Wewe ulikuwa kama mtu aliyefika harusini. Mimi nilikishuku kila nilichokiona. Mikate yao ilipikwa kwa mvuke, ikatoka myeupe bila ganda, nikasema haijaiva. Mayai yao yaliyofukiwa mpaka yakawa meusi, nikasema ni ya nyoka. Chai yao haikuwa na sukari wala maziwa, nikasema hiyo ni dawa ya tumbo. Wewe ulionja kila kitu, ila kwanza ulisimama mbele ya muuzaji ukakoroma kama nguruwe, kuuliza kama chakula kina nyama yake. Muuzaji akicheka na kukubali kwa kichwa, tulikwenda zetu. Baada ya muda mtaa mzima ulikujua. Wakikuona unakuja, watu wazima walikoroma kabla yako.

Kuna siku mama mmoja, wa wale wenye miguu iliyofungwa ikawa midogo kama ya mtoto, alinisogelea, akalowesha kidole kwa mate, akanisugua shavuni kuona kama rangi itatoka. Nami nikalowesha changu, nikamsugua lake. Tukasimama wote wawili tunakagua vidole vyetu. Halafu akaangua kicheko mpaka ikabidi ashike bega langu asianguke. Wewe ulikuwa pembeni na kikapu. "Mmemaliza kukaguana?" ukauliza. "Mimi sijaridhika," nikasema, na sikuwa natania sana.

Kilichotupeleka kwa Ma ni nyama. Tulikuwa tumekaa siku nyingi bila kuila, tunaishi kwa samaki na karanga, mpaka ukaona kichochoroni duka lenye maandishi ya Kiarabu juu ya mlango. "Soma, Mwanaisha." Herufi zilikuwa nene, zimejikunja kama moshi, lakini ilikuwa Bismillahi. Akatoka Ma mwenyewe, mtu mnene mwenye kofia nyeupe na ndevu chache kidevuni, akasema, "Salamu alaykum." Nilikuvuta kanzu.

"Usiitikie upesi. Ubao mtu yeyote anaweza kuuandika."

"Mke wangu, mtu ajifanye Mwislamu huku Uchina apate nini?"

"Auze nyama."

Ukamwomba asome Fatiha, kwa ishara na aibu nyingi. Aliisoma. Ilikuwa Fatiha yetu, ila imevaa nguo za ugenini, na mwisho wake nikajikuta nimesema amina pamoja naye. Hata hivyo niling'ang'ania nimwone akichinja. Alipomleta kondoo akamlaza kuelekea machweo, nikapiga kelele kwamba anapotosha, kwani tangu nizaliwe kibla ni kaskazini. Ulinishika mkono ukaniambia taratibu, "Makka haijahama. Ni sisi tuliohama." Sijawahi kujiona mbali na Lindi kama siku ile, nimesimama mbele ya kondoo, sijui hata Mungu namwelekeaje.

Ma alikuwa na dada yake, mjane, aliyeleta chai kutoka nyuma ya pazia. Miguu yake haikufungwa. Alitembea upesi, kama watu wa kwetu. Nilimtazama mara moja tu, nikamkariri.

Na siku nyingine uliyonipeleka nje ya mji, kwenye gari la gurudumu moja linalosukumwa na mtu? Abiria hukaa huku na huku, na kwa kuwa wewe ulikuwa mzito, msukumaji alinipakia jiwe upande wangu. Ulicheka njia nzima. Mpaka tulipofika kwenye mashamba na kukuta mtama. Mtama, Athumani! Mrefu kupita kichwa chako, umesimama mpaka milimani, na upepo ukipita unasema lilelile usemalo kwetu. Uliteremka ukashika suke moja, hukulivunja. "Huu ungekuwa wa Kitomanga," ukasema, "mama sasa hivi angekuwa juu ya dungu anafukuza ndege." Tulirudi kimya. Nilidhani unamkumbuka mama. Sikujua kwamba unautazama urefu wa mtama.

Au hapo bado hukuwa na nia? Jambo hili nimelirudia mara nyingi. Kama ulikuwa nayo, basi hata kicheko chako cha njiani kilikuwa cha kunizuga. Kama hukuwa nayo, basi siku ile tulikuwa mume na mke kweli, nami nitaiweka pamoja na mazuri.

Maana baada ya hapo mambo yalianza kufungwa. Bwana alianza kufunga mlango wa chumba chake wageni wakija, na mezani walitandaza karatasi kubwa yenye mito na milima. Bibi, aliyekuwa hawezi kukaa kimya nami hata nikimkuna mtoto mgongo, akawa anakata maneno nikiingia. Bwana akawa anakuita ndani, wewe mpishi, unakaa huko mpaka mchuzi unakauka. Ukitoka nakuuliza, "Anataka nini?" Unasema, "Anataka kujua mambo ya chakula." Chakula gani kinachofungiwa mlango?

Nawe ukaanza kwenda kwa Ma siku zisizo za nyama. Ulirudi na kikapu kitupu na harufu ya kitunguu saumu. Ulianza kutamka maneno ya Kichina peke yako ukikoroga sufuria, maneno ambayo si ya sokoni, kwani ya sokoni niliyajua yote. Nikawaza yale ambayo mke asiyezaa huwaza.

Nilimwambia Bibi nakwenda kununua uzi, nikakufuata. Nilisimama nje ya dirisha la karatasi la Ma, pale lilipochanika. Ulikuwa umenyoosha mikono kama mtoto anayevalishwa, na yule dada anakupima mabega kwa kamba. Ma alikuwepo, anakunywa chai. Nalisema hili kwa haki. Juu ya meza palikuwa na jaketi la buluu lililoshindiliwa pamba, lile wanalovaa wakulima wao wakati wa barafu. Na sisi tulikuwa katikati ya joto, watu wanajipepea milangoni! Nikajiuliza, mwanamke anayemshonea mwanamume nguo ya baridi wakati wa joto amemwekea nafasi mpaka lini? Nilirudi na uzi nisiouhitaji. Sikukuuliza. Nilitaka useme mwenyewe.

Aliyesema ni mtoto. Nilikuwa namchana nywele, akaniuliza kwa Kiswahili chake kizuri nilichomfundisha mimi, "Yaya, watu wa kwenu wamekunywa maji gani?"

"Maji gani, mama?"

"Baba anasema wamekunywa maji, sasa risasi haziwaingii." Akafikiri kidogo. "Lakini baba anasema zinaingia."

Kitana kilinianguka. Nilikuja jikoni, wewe unanyonyoa kuku. Nikakueleza. Hukuinua uso. "Maneno ya mtoto hayo."

"Mtoto hatungi risasi, Athumani. Kwetu kuna nini?"

"Nitajuaje? Mimi niko hapa nawe."

Na uliendelea kumnyonyoa kuku ambaye hakuwa tena na unyoya hata mmoja. Hapo nilijua unadanganya. Nisichokijua ni kama unadanganya kwa ajili yangu au kwa ajili yako.

Siku zilizofuata bandarini waliipakia manowari makaa, maboksi na mabaharia wenye bunduki. Bwana alikupa viatu vya ngozi, vipya, virefu mpaka nusu ya muundi. Ukasema unakwenda kuwapikia mlimani, wanakwenda kutembea. Nilivigeuza viatu vile huku na huku. Nikanusa ngozi yake. Nilishindwa kukisia Bwana ananunua nini kwako.

Jioni ya mwisho tulikaa kwenye kizingiti cha chumba chetu, baada ya kuosha vyombo. Ulikuwa unachora chini kwa kijiti.

"Mwanaisha. Bibi akikuuliza habari zangu, utamwambia?"

"Habari zipi?"

"Zozote."

"Zikiwa za jaketi la buluu, nitaambia mtaa mzima."

Ulinitazama. Ulikuwa hujui kwamba najua. Nikangoja uniambie. Uliifuta michoro yako kwa unyayo, ukasema, "Basi vizuri."

"Vizuri nini?"

"Vizuri nimeuliza."

Nimeishi na maneno hayo kama mtu anayeishi na mgeni asiyeondoka. Mke gani angejibu vingine? Mtu ameona kwa macho yake mumewe anapimwa mabega na mwanamke mwingine, aulizwe fumbo, ajibu kwa upole? Wewe ndiye uliyekuwa na neno, nawe ukalishika.

Asubuhi ulichukua kikapu. Ulisema Bwana anataka kondoo. Viatu vipya ulikuwa umevipanga vizuri chini ya kitanda, nawe umevaa vile vya zamani. Ulisimama mlangoni ukasema uji uko mekoni, nisiuache ukashika chini. Kisha ukaenda.

Adhuhuri Bwana aliingia uani mwekundu kama pilipili. "Athumani yuko wapi?"

"Amekwenda kununua nyama, Bwana."

"Nyama! Meli inaondoka sasa hivi!"

"Meli ya kwenda wapi?"

Ndipo akayasema yote, kwa hasira, kama mtu anayenitapikia. Kwamba kuanzia Kilwa mpaka Lindi watu wameinuka. Kwamba manowari inakwenda huko. Kwamba wewe ni mtu wa Kitomanga, unazijua njia zote mpaka Rutamba, unajua visima vilipo na watu hujificha wapi, na ulikuwa umekubali kuwa macho yao. "Alikubali!" akasema. "Mbele yangu alikubali! Na wewe amekuambia alikojificha."

"Hakuniambia, Bwana."

"Mke hajui mume wake yuko wapi?"

"Bwana, wewe ndiye uliyekuwa unafunga mlango ukizungumza naye. Mimi nilikuwa nje."

Alinifungia ghalani. Humo, kati ya magunia ya unga, nilisikia ngoma na matarumbeta ya kuiaga manowari, na honi yake ikilia mara ya mwisho. Nikacheka, Athumani. Niliziba mdomo kwa kanga nikacheka, kwa kuwa walikuwa wanakwenda bila macho yako. Nilikuwa najivunia wewe kuliko siku tuliyooana. Kisha nikalikumbuka jaketi. Nikafahamu kwamba dada wa Ma, mgeni kabisa, aliambiwa. Ma aliambiwa. Pengine hata yule msukuma gari la gurudumu moja aliambiwa. Mimi niliambiwa habari za uji.

Askari walilipindua duka la Ma. Alisema mtu mweusi alinunua maini akaenda, hajui zaidi. Waliutafuta mtama wa karibu, lakini nani atamtafuta mtu katika mtama ule? Waliacha. Bibi hakunifukuza kwa sababu mtoto alinililia, ila kuanzia siku hiyo alikuwa akinipa kazi huku ananitazama mikononi, kama nitaiba kitu. Nami nilimtazama yeye hivyohivyo. Tulilea mtoto mmoja, kila mmoja akimlinda dhidi ya mwenzake.

Joto lilipokwisha niliruhusiwa tena kutoka. Nilikwenda kwa Ma. Pazia lilikuwa wazi, na chai alijimiminia mwenyewe. Kwa mikono na yale maneno yangu ya sokoni nilimwuliza dada yake yuko wapi. Ma alinyoosha kidole kuelekea machweo, upande aliokuwa akiwalaza kondoo. Sikujua kama ananiambia dada amekwenda bara au ananiambia nikaswali. Akanifungia kipande kizuri cha nyama, akakataa nilichompa. Nilikinusa njia nzima. Kilikuwa safi. Hilo ndilo lililonitia shaka zaidi, kwani mtu hukupa bure akiwa anakuonea huruma.

Bwana alipomaliza kazi yake kule, walinirudisha. Nilishuka Lindi nikakuta mji umejaa watu wembamba. Nikaenda Kitomanga kwa miguu. Njiani mashamba yamegeuka vichaka, na kwenye nyumba ya mama yako zilibaki nguzo nyeusi tu. Yeye mwenyewe nilimkuta chini ya kibanda cha majani, anachemsha ming'oko aliyoichimba porini, kwa sababu mtama wote ulichomwa ungali shambani.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alinitazama miguuni mpaka kichwani, kisha akaniuliza, "Ni mume wako aliyewaleta?"

Sikuelewa. Ndipo waliokuwapo wakanieleza. Wadachi walikuja na kiongozi, mtu mweusi aliyeshuka na manowari, kofia imemfunika uso, anazungumza Kimwera safi. Alikuwa anajua kisima cha nyuma ya kilima. Nani wa kwetu alikuwa amechukuliwa na Wadachi mbali, akarudi na meli yao? Wakasema ni Athumani. Watu walikufa kwenye kisima kile wakiamini ni wewe uliyewaonyesha.

"Si yeye, mama," nikasema. "Alitoroka ili asije."

"Ulimwona akitoroka?"

"Sikumwona."

"Alikuambia anatoroka?"

Ningesemaje? Mbele ya watu waliofiwa niseme mume wangu ni mwaminifu, ila kwangu hakusema? Wakatazamana. Mmoja akasema taratibu, bila ubaya, "Mke naye lazima amtetee mumewe." Kimya chako, ulichodhani kitanilinda, au kitakulinda, kiliwafanya wasiniamini hata neno.

Nilimchukua mama yako nikaja naye Rasbura. Alikula chakula changu, hakulitaja jina lako. Nikitaja mimi, alitoka. Hapa mtaani watu wa Kitomanga walikuwa wakipita barazani kwangu kama wanapita kaburi la mtu mbaya. Na mimi, nitakuficha nini, kuna siku nilianza kushuku nami. Uliondoka asubuhi, manowari ikang'oa nanga adhuhuri. Je, kama hasira ya Bwana ilikuwa mchezo? Je, kama ulikuwa ndani? Halafu naliona tena lile jaketi, nikajiambia aliyekuwa anakwenda Lindi hakuhitaji nguo ya barafu. Fikiria, Athumani, kilichokuwa kinaniumiza ndicho kilichokuwa shahidi wako.

Mwezi uliopita akaja baharia Mngazija aliyekuwa akifanya kazi kwenye meli za Wadachi za mashariki. Alikuwa anauliza mitaani nyumba ya watu wa Athumani wa Kitomanga. Tulimkaribisha ndani, mama yako akakaa mbali, karibu na mlango wa uani. Baharia akasema meli yao ilitia nanga Singtao, akatafuta nyama ya halali, akaelekezwa kwa Mwislamu mmoja Mchina. Huyo, alipoona mtu mweusi anasema Bismillahi, alimshika mikono miwili akamwambia habari. Kwamba yuko mtu mweusi, bara, mbali na Wadachi, siku kadhaa kwa miguu kupita kituo cha mwisho cha reli. Anachinja kondoo. Alifika huko mwaka ule wa manowari, kabla mtama haujavunwa, na hajatoka tena. Anasema nyumbani kwao ni Kitomanga.

Mama yako alisimama. Alitoka mlangoni mpaka barabarani akapiga vigelegele, mwanamke mzee ambaye sikuwahi kumsikia akiinua sauti. "Si mwanangu! Jamani, si mwanangu!" Watu walikuja mbio, wengine wakilia. Yule aliyesema lazima nikutetee alikuja akaniomba radhi. Aliyekuwa chini ya ile kofia, mpaka leo hatumjui.

Nilibaki ndani na baharia. Nikamwuliza, "Huyo mtu anaishi peke yake?"

Alijikuna shingo. "Dada yangu, mimi nilimwona Ma tu."

"Ma alisemaje?"

"Alisema hajambo."

"Nakuuliza kwa Mungu."

Akainamisha macho. "Alisema ana watoto wawili. Mama yao ni dada wa huyo Ma."

"Mimi aliniletea salamu?"

"Alisema wasalimieni wa nyumbani wote," akajibu, upesi mno, na mpaka leo naamini salamu hiyo aliitunga palepale kwa kunihurumia.

Nje walikuwa bado wanashangilia. Nilichukua mtungi nikaenda kisimani, ingawa maji yalikuwapo.

Sasa nakuuliza, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwuliza. Mwanamke yule alikuwa sababu ya kukimbia, au alikuja baadaye, baridi ilipozidi na njia ya kurudi ilipofungwa? Nimekubali kwamba huenda hata wewe hujui. Nimekubali pia kwamba kama ungeniambia, Bwana angeweza kunibana mpaka nikasema. Pengine. Lakini ulinipima mwenyewe jioni ile kizingitini, ukatoa hukumu, na sikujua kwamba niko mbele ya hakimu. Ulikataa kuwaonyesha Wadachi njia ya kwa mama yako. Kwa hilo nitakuombea dua kila swala. Mimi hukunionyesha njia yoyote. Watu wa Kitomanga wamekusafisha, na ni haki yako. Mimi ni mtu mwingine na kesi yangu ni nyingine.

Kuna seremala hapa Rasbura, mjane mwenye mabinti, amekuja kwa kaka zangu mara mbili kuniposa. Si mtu wa maneno mengi, na hilo limenipa wasiwasi, nikamwambia waziwazi kwamba mwanamume mkimya simtaki tena. Akakaa akafikiri, kisha akanieleza habari za maisha yake tangu utotoni mpaka adhana ya magharibi, hata magomvi yake na marehemu mkewe. Nilimsikiliza nikitafuta mahali palipofichwa kitu. Sijapaona bado. Naendelea kutafuta.

Kaka zangu walinishauri niseme umekufa, iwe rahisi. Mama yako alisikia. Niliogopa atanilaani. Badala yake alikuja akakaa mkekani kwangu, akanishika goti, akasema, "Usimzike mwanangu akiwa hai. Lakini na wewe usizikwe." Basi Alhamisi ninakwenda kwa kadhi kudai fasakhi, ndoa yetu ivunjwe. Akiniuliza kama u hai, nitasema u hai. Akiniuliza kama umenitunza, nitasema hapana. Mama yako atakuwa amekaa upande wangu, kwa hiari yake, na baadaye atarudi nami nyumbani hukuhuku, kwani huyo nimemkubali moja kwa moja, bila shaka lolote.

Wasalimie watoto wako. Uwafundishe kwamba kwetu kibla ni kaskazini, siku wakija wasipotee.

Ni mimi, mkeo mpaka Alhamisi,

Mwanaisha